Niandike Nini Kwenye Insha ya Utofauti?

Common App, mfumo ambao vyuo vingi vya Marekani hupokelea maombi, hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na kuanzia hapo maswali yenu hayaishi. Mengi ni kuhusu ile insha fupi, aghalabu ya maneno 150 hadi 350, inayomtaka mwombaji aeleze alikotoka na atakachowaletea wenzake chuoni. Nayajibu machache.

*Shikamoo mwalimu. Shuleni kwetu sote tunafanana: Watanzania, weusi, sare moja. Huo utofauti nitautoa wapi?* (Kidato cha sita, Moshi)

Marahaba mwanangu. Atakayekusoma hayuko Moshi, kwa hiyo mambo unayoyaona ya kawaida kwake ni mageni. Ila usikimbilie Mlima Kilimanjaro. Huo mlima ni wa kila mwombaji wa kanda yenu. Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali, ulifundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza ukaikuta baiolojia kwa Kiingereza. Afisa udahili wa Ohio huenda hajawahi kulifikiria hilo. Muhula ule wewe ulifanyaje? Ulikariri usichokielewa? Uliwaeleza wenzako kwa Kiswahili wakati wa prepo, mwalimu wa zamu akiwa mbali? Anzia hapo.

*Jambo mwalimu. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wazazi ni Wakongomani wa Kivu Kusini. Sasa tuko Kentucky. Mshauri wa shule anasema lazima niandike juu ya kambi, ndiyo itanipa nafasi. Mimi sitaki. Nitapoteza?* (Louisville)

Jambo binti yangu. Hutapoteza. Kambi ni sehemu ya maisha yako, na wa kuamua isimuliwe au isisimuliwe ni wewe. Mshauri wako ana nia njema, lakini ushauri huu nimeusikia mara nyingi na siupendi: unamfundisha kijana kwamba kitu chake cha thamani kuliko vyote ni kidonda chake. Miaka ya shule iliyokatika na habari za vita zina mahali pake. Ziandike kwa mistari michache kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, au yeye mshauri azitaje katika barua yake ya kukupendekeza. Insha itabaki huru.

Ukibadili mawazo ukataka kuandika juu ya kambi, usiieleze yote. Nyarugusu ipo tangu 1996. Watu wamezaliwa humo, wamesoma, wameoa, wamezeeka. Chukua jambo moja dogo. Huko watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na nyumbani Kiswahili, pengine na Kibembe. Halafu ukafika Louisville ukaambiwa uanze upya kwa Kiingereza. Nani anasoma barua za mwenye nyumba? Nani anaongozana na mama hospitali? Nadhani namjua.

Linganisha sentensi hizi. Ya kwanza: "Maisha ya ukimbizi yalinifundisha uvumilivu." Ya pili: "Nilikuwa na miaka 12 nilipomtafsiria daktari maneno ya mama, na jibu la daktari nikalilainisha kabla ya kumfikishia." Ya kwanza anaweza kuiandika yeyote, hata asiyewahi kuiona kambi. Ya pili ina mtu ndani yake, na msomaji atataka kujua kama binti yule alijutia kulilainisha jibu. Mjibu hapo hapo, umemaliza insha.

*Salaam. Nimesikia mahakama imepiga marufuku mambo ya rangi vyuoni. Mwanangu akiandika kwamba ni Mweusi, si watamtupa nje?* (Baba, Minneapolis)

Hapana, mzee wangu. Tarehe 29 Juni 2023, katika kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kuitumia rangi yenyewe kama kigezo cha kumchagua mwombaji. Katika hukumu hiyo hiyo, Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mwombaji hazuiwi kueleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake, na chuo kinaweza kulizingatia hilo likifungamana na tabia au uwezo wake. Alionya pia kwamba insha isigeuzwe mlango wa nyuma wa kuirudisha rangi. Kwa hiyo "mimi ni Mweusi" peke yake haimsaidii kijana. Alichokifanya kutokana na hali hiyo ndicho kinachosomwa. California wameishi na katazo kama hili katika vyuo vya umma tangu kura ya 1996, na Chuo Kikuu cha California huwapa waombaji maswali 8 wachague 4. Asome swali la mwaka huu, asirithi la kaka yake, maana maneno yanabadilishwa sana siku hizi.

*Mambo mwalimu. Mimi sijapitia shida yoyote. Baba Mluo, mama Mkikuyu, wote wana kazi, nyumbani ni Kiingereza na Sheng. Naweza kutunga kashida kadogo?* (Nairobi)

Usithubutu! Unapotuma maombi unathibitisha kwamba uliyoyaandika ni kweli, na chuo kikigundua uongo kinaweza kukunyang'anya nafasi hata ukiwa umeshafungasha. Halafu, kijana, umeipitia mada yako mbio kama basi lisilosimama kituoni. Baba Mluo, mama Mkikuyu, na mwaka 2022 ulikuwa na akili zako timamu. Usiku wa kusubiri matokeo ya urais, nani alishika rimoti? Shangazi wa upande gani alipiga simu, na mlinyamazia nini mezani? Wewe ulikaa upande gani wa meza?

*Mwalimu, ninavaa hijabu na jioni ninafundisha watoto madrasa. Naogopa kuandika dini.* (Unguja)

Andika juu ya watoto unaowafundisha, hasa yule msumbufu. Dini itaonekana yenyewe. Usihubiri tu.

*Insha moja naweza kuituma vyuo vyote?* (Wengi)

Kisa kimoja, ndiyo. Mwisho ubadilishe kila mara, maana kila chuo kinauliza utakifanyia nini chenyewe. Na kabla ya kutuma, isomeni tena hadi nukta ya mwisho. Hakosekani wa kuwaambia Duke kwamba tangu utotoni ndoto yake ni Yale.