Sindano ya chavua

Mwanangu,

Umeniuliza ukubali au ukatae sindano za mzio za huko Mainz, Ujerumani, maana daktari amekwambia ni chavua ya mti wa betula iliyobadilishwa kwa kemikali. Mimi nimekwama kwenye neno hilo, "iliyobadilishwa". Ikishabadilishwa, mwili utaitambuaje?

Mwili una macho zaidi ya mawili, unajua ninavyosema siku zote. Kingamwili za IgE, hizo zinazokupigisha chafya kila Aprili, hutazama umbo: jinsi Bet v 1, ile protini ya chavua ya betula, ilivyojikunja. Wakiitia kemikali ya glutaraldehaidi, protini hugandana, umbo linafichika, na IgE hazipati pa kushika vizuri. Seli T, askari wengine wa kinga ya mwili, hazina haja na umbo. Zinangoja seli nyingine imeze protini, iikatekate, kisha itokeze vipande nje; kipande kikiwa kile kile, wanajuana. Hizo ndizo sindano inazozizoesha pole pole, kwa miaka kama mitatu.

Niliporudi Muheza kutoka masomoni ulikuwa na miaka miwili na nusu. Nilikuwa nimenyoa nywele, nimevaa miwani. Nikashuka kwenye basi na gauni nililokushonea kwa mkono, wewe ukajifunika kanga ya bibi yako ukalia: "Simtaki huyu!" Nililia chooni. Usiku umeme ukakatika, nikakaa gizani namenya machungwa. Ukaja, ukashika kidole changu hiki chenye kovu la kisu, ukakigeuzageuza, ukakilalia. Mama hukuniita mpaka siku ya tatu. Bibi yako alikuwa akisema watoto ndivyo walivyo. Labda. Mimi bado inaniuma.

Macho zaidi ya mawili, mwanangu.

Lakini kubadilika nako si kwa namna moja. Moshi wa magari na gesi ya ozoni hubadili protini hiyo hiyo, na huko maabara imeonekana IgE zikiishika kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo siwezi kukwambia kilichobadilishwa ni salama. Wala siwezi kukutisha: chavua watu wanachomwa tangu daktari Leonard Noon alipoanza London mwaka 1911, na hii ya kubadilishwa ilifuata miaka ya 1970. Ningekuwa mimi, ninge... Hapana. Mwili ni wako, na daktari ndiye anayekuona.

Ila wakikuchoma, kaa zile dakika 30 pale pale kliniki. Usikimbilie tramu.

Mama yako