Barua moja, nakala mbili

Wadogo zangu mlioapishwa uwakili juzi, bado nawaona mnahesabu siku za kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania tangu mlipopewa nakala ya hukumu. Siku 30 za notisi ya kukata rufaa zinaanza hukumu iliposomwa, hata kama haijachapwa. Haya, kabla sijapandwa na hasira:

1. Barua ya kuomba mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi ilivyosikilizwa. Kila mtu anajua inaandikwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Kinachosahaulika ni nakala ya mjibu rufani, yule wa upande wa pili. Ofisini kwetu tulikuwa na kesi ya kiwanja, mteja mzee mstaafu. Notisi ndani ya muda, barua ndani ya muda, hati ya ucheleweshaji (ile ya Msajili inayoondoa siku za kusubiri mwenendo) tukapewa, tukafungua rufaa bila wasiwasi. Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili, mtu mpole kweli, akasimama akasema hakuwahi kupewa barua ile. Nikafungua kumbukumbu ya rufaa: muhuri wa mahakama upo, wa ofisi yake haupo. Nikafungua tena, utadhani muhuri ungechomoza. Nakala yake tuliikuta baadaye katikati ya daftari la dispachi, lile la kupelekea barua, imekunjwa vizuri, haijatoka mlangoni. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani hapo haina huruma: kama hukumpa mwenzako nakala, hati ya Msajili haikusaidii, na siku zako 60 za kufungua rufaa tangu kuweka notisi zimekwisha zamani. Nikakimbilia kanuni ya oksijeni, ile ya marekebisho ya sheria ya 2018 inayotaka haki itazamwe kuliko kasoro za kiufundi. Mwenyekiti wa jopo akaniuliza kama oksijeni hupewa aliyekwishazikwa. Nikasema hapana, Mheshimiwa. Rufaa ikaondolewa, na gharama juu. Mzee alikuwa nje kwenye benchi, ananiuliza, "Mwanangu, wamesemaje kuhusu kiwanja?" Kiwanja hakikutajwa kabisa. Ukitaka kurudi ni maombi ya kuongezewa muda, na huko utaeleza kila siku ya kuchelewa ulikuwa wapi.

2. Notisi nayo mpe mwenzako ndani ya siku 14. Akusainie.

3. Majaji wa Rufani wengi wamepitia Mahakama Kuu, ambako umri wa kustaafu ni miaka 60. Rufani ni 65. Hao watatu mbele yako wameona mbwembwe zote, na jalada wamelisoma. Juzi kijana kaja na sababu kumi na nne za rufaa, akaanza kusoma hoja zake za maandishi neno kwa neno, mpaka Jaji akamkatiza: "Wakili, ushahidi huo uko ukurasa gani?" Akapekua, akapekua, koti likalowa. Chagua sababu tatu, bandika vikaratasi vya rangi, taja ukurasa kabla hujaulizwa.

4. Mirathi iliyotoka mahakama za kadhi Zanzibar haiji Rufani. Mwambieni mteja mapema, kabla hajalipa.

5. Kikao kikiwa Mbeya au Mwanza, fikeni jana yake. Habari za basi kuharibika njiani mzipeleke kwa wake zenu, si kwa jopo.