Jibu: Kutoka udhibiti wa ubora hadi ukurugenzi mtendaji, nisome kwanza au nihame idara?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: una miaka saba kwenye udhibiti wa ubora katika kiwanda cha vyakula, unataka siku moja uwe mkurugenzi mtendaji, na umekwama kati ya shahada ya uzamili ya biashara na kuhamia mauzo.

Kabla hujalipa ada, jiulize kama umewahi kukabidhiwa bajeti, faida na hasara zikasomwa kwa jina lako. Mimi nilipanda vyeo miaka tisa ndani ya idara hiyohiyo ya ubora. Nilipoomba umeneja mkuu, jopo likaniuliza tani moja inagharimu kiasi gani kuzalisha, na mzigo kiasi gani unaharibika kabla ya kufika dukani. Sikuwa na jibu. Nikaomba kusimamia kiwanda kidogo, na huko ndiko nilikoielewa biashara.

Indra Nooyi aliingia PepsiCo mwaka 1994 upande wa mikakati, baadaye akawa mkuu wa fedha, akashika ukurugenzi mtendaji 2006. Peter Brabeck alianza kwa kuuza aiskrimu mwaka 1968, akaiongoza Nestlé kuanzia 1997. Njia tofauti, ila wote walipita penye hesabu.

Kwa hiyo hamia mauzo au uzalishaji, masomo yafuate jioni. Ujuzi wako wa ubora usiudharau hata kidogo: bidhaa ikirudishwa kutoka sokoni, bosi anayejua chanzo huokoa watu na kampuni.

Kampuni za kifamilia sijazipitia. Aliyefanya kazi huko aongezee.