Hela Imeshikwa, Haijakatwa: Kwa Wafanyakazi Wapya wa Dawati la Kadi

Wiki hii tena, kwenye dawati la kadi la benki yetu hapa Tanga mjini, mteja kaambiwa: "Mtandao uko chini mama, itakatwa tu baadaye." Mtandao ulikuwa mzima. Wadogo zetu, tunawapenda na mnajituma, lakini jibu hilo limetuchosha. Mtu aliyenunua mashine ya kushona mtandaoni Jumatatu, na Alhamisi haoni muamala kwenye taarifa ya akaunti yake, hajakumbwa na hitilafu yoyote. Muuzaji hajaidai tu hela yake.

1. Idhini si malipo. Mteja akibonyeza kulipa, ombi linatoka dukani kwenda benki ya muuzaji, linapita Visa au Mastercard, linatua kwetu, benki iliyotoa kadi. Unakuja ujumbe wa 0100, yaani ombi la idhini, tunajibu kwa 0110. Sehemu ya 39 ya jibu hilo ikiwa 00 amekubaliwa, na sehemu ya 38 inabeba namba ya idhini yenye tarakimu au herufi 6. Sekunde chache tu, na hakuna shilingi iliyotoka. Tulichofanya ni kuweka holdi, yaani kushika kiasi hicho kisitumike: salio la daftari liko palepale, salio la kutumia limeshuka. Ndiyo maana simu inaonyesha hela imepungua ilhali taarifa uliyoichapa haina mstari wowote. Mteja wa Ngamiani aliyezoea kutuma hela kwa simu, ambako ujumbe wa mpokeaji unaingia kabla hajarudisha simu mfukoni, ana haki ya kushangaa.

Sasa dai lenyewe, yaani duka linapoomba kulipwa. Duka linalosafirisha bidhaa kwa kawaida hudai mzigo unapotoka ghalani, si siku ya kuagiza. Mashine ikikaa ghalani siku 4, siku 4 hizo hakuna dai. Ikitoka, duka linafunga bechi, yaani fungu la miamala yake, mara nyingi mwisho wa siku. Benki yake inaipeleka kwenye mtandao wa kadi. Mtandao unagawa madai kwa benki zilizotoa kadi. Sisi tunapakia faili, mfumo unaoanisha kila dai na holdi yake, na hapo ndipo mstari unapoingia. Kila kituo kina saa yake ya kufunga. Ijumaa saa 3 usiku hapa kwetu, New York ni saa 8 mchana, au saa 7 wakati wa baridi yao. Bechi wakiifunga usiku wao, Tanga tayari ni Jumamosi asubuhi. Ongeza sikukuu: wao wanapumzika tarehe 4 Julai, sisi Saba Saba, siku 3 baadaye. Siku 2 za kazi zinageuka 5 na hakuna aliyekosea.

2. Msiondoe holdi kwa mkono. Hapa tukae, maana ndipo panapouma, na kosa si lenu peke yenu. Sisi wakongwe tuliliacha likaota mizizi. Mteja akilalamika siku ya tatu, tulikuwa tunaingia kwenye mfumo, tunaifungua holdi, anashukuru, foleni inasogea. Ilionekana ni wema. Mmetuona, mkaiga.

Tazameni hesabu. Mama wa Chumbageni ana 500,000. Amenunua kitu cha dola 60, tuseme dola ni shilingi 2,600, holdi ni 156,000. Salio la kutumia ni 344,000. Siku ya tatu anakuja: "Mwanangu, hela yangu mmeipeleka wapi? Duka halijakata na nyie mmeishika." Unaifungua. Salio linarudi 500,000. Anaamini ununuzi umekufa, na wewe hukumwambia vinginevyo. Anatoa 480,000, analipa ada ya mtoto. Siku ya tano faili linaingia na dai la dola 60, ambalo sasa kwa 2,620 ni 157,200. Hatuwezi kulikataa eti kwa sababu hela haipo, kwani tulishaliidhinisha na namba ya idhini wanayo. Akaunti yenye 20,000 inashuka hadi hasi 137,200, kabla hata ya ada ya benki. Mshahara ukiingia mwisho wa mwezi unamezwa. Yule mama anarudi dawatini akiwa na risiti ya shule mkononi, na kila anachosema ni kweli: alituuliza, tukamjibu kwa vitendo kwamba hela ni yake. Alipaswa kupewa maelezo ya dakika mbili. Tulimpa deni, kisha tukamwandikia barua ya kumkumbusha alipe.

Holdi inaondoka bila mkono wetu kwa njia tatu tu. Dai limefika na kuoana nayo. Au duka limetuma ujumbe wa kufuta, 0400 au 0420. Au muda umeisha wenyewe: kwa duka la kawaida ni kama wiki, kwa hoteli na magari ya kukodi inaweza kufika siku 30, kwa hiyo ukiona namba ya aina ya biashara 7011, ambayo ni ya hoteli, usimwahidi mteja wiki. Kuna njia ya nne, ya mkono, nayo inahitaji barua ya duka yenye tarehe, kiasi, namba ya idhini, tarakimu 4 za mwisho za kadi, na tamko kwamba halitadai. Bila barua, mkono mfukoni. Na hata muda ukiisha, dai lililochelewa bado linaweza kuja. Mwambieni mteja hivyo bila kumung'unya maneno.

3. Kiasi kinachokatwa hutofautiana na kilichoshikwa kwa sababu dola hubadilishwa upya dai linapofika. Si wizi.

4. Oda moja inaweza kuleta mistari mitatu, kila boksi likidaiwa linapotoka. Jumlisheni kabla ya kupiga kelele kwamba amekatwa mara mbili.

5. Holdi ya dola 1 au sifuri ni duka linapima kama kadi ni hai. Haitadaiwa.

6. Kufunga kadi hakuzuii dai la ununuzi ulioidhinishwa jana. Wageni wengi hufunga kadi, wanampa mteja mkono, wanadhani wamemaliza. Fungeni ikiwa kadi imeibiwa, lakini mwambieni kwamba muamala alioufanya mwenyewe utakuja.

7. Pingamizi, yaani lalamiko rasmi la kupinga muamala, halifunguliwi juu ya holdi. Subirini mstari uingie, chukueni ile namba ya tarakimu 23 ya dai, ndipo mfungue. Kwa kawaida kuna siku 120, kwa hiyo kusubiri wiki hakumpotezei haki. Marejesho nayo hufuatiliwa kwa namba ya tarakimu 23, ila ya kwake yenyewe, na husafiri kwa bechi na faili kama dai lenyewe.

Na mteja akifika, msianze kuchapa taarifa. Shikamoo kwanza, kiti, kisha maswali kwa mpangilio huu: ulinunua lini, kwa dola ngapi, duka limekuandikia kwamba mzigo umetoka? Namba tatu za nyuma ya kadi msiulize kamwe. Tarakimu 4 za mwisho zinatosha. Fungueni orodha ya holdi, mgeuzieni kioo cha kompyuta aone mstari wake, kisha mseme: "Mama, hela yako ipo, tumeishika kwa ajili ya duka. Wakituma mzigo wataidai, na siku hiyo itaonekana hapa. Mpaka wakati huo, hii 156,000 usiipangie kitu." Kiandikeni kiasi hicho kwenye karatasi, pamoja na tarehe ambayo holdi itaisha, aende nayo nyumbani.