Kabla ya kukokotoa sampuli, jua unahesabu nini

Karibuni mnaoanza uzamili. Wengine mmekuja kwa elimu, wengine kwa ushauri na unasihi, wengine kwa baiolojia au ufugaji wa samaki, na kila idara itawaambia kwamba utafiti wake haufanani na wa jirani. Sibishi sana. Ila katika mapendekezo ya utafiti ninayosoma kutoka pande zote hizo, kosa linalorudi kuliko yote ni moja: mtu amehesabu kitu kisichostahili kuhesabiwa.

Tuanze na samaki, maana kwao linaonekana upesi. Mwanafunzi anataka kujua kama sato wanaolishwa mashudu ya alizeti hukua sawa na wanaolishwa dagaa. Ana matangi mawili, kila moja lina samaki 50. Anawapima wote, anaandika kuwa sampuli yake ni 100, kompyuta inamtolea tofauti kubwa, anafurahi. Lakini chakula hakikugawiwa kwa samaki mmoja mmoja, kiligawiwa kwa tangi. Samaki wa tangi la kwanza wanatumia maji yaleyale na hewa ileile. Pampu ikizimika usiku, imezimika kwa wote 50. Tofauti aliyoipata huenda ni ya chakula, huenda ni ya tangi, na hakuna hesabu ya kuzitenganisha. Sampuli yake ni 2. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert alilipigia kelele jambo hili mwaka 1984. Alipitia tafiti 176 za majaribio ya ikolojia, akakuta zaidi ya robo zina marudio bandia ya namna hii. Hao walikuwa wanasayansi waliokwisha kuchapisha, si wanafunzi.

Sasa weka darasa mahali pa tangi. Unataka kupima mbinu mpya ya kufundisha kemia Kidato cha Pili. Shule moja inapata mbinu, nyingine inakuwa ya kulinganishia, wanafunzi 45 kila upande. Shule moja ina maabara, nyingine ina kabati lenye chupa tatu. Mwalimu wa huku ana ari, wa kule anafundisha vipindi vingi hadi sauti inakauka. Mwisho wa muhula alama zinatofautiana, nawe unasema ni mbinu. Umejuaje?

Hapa ndipo wengi hukimbilia jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Mnalijua au mtalijua wiki hii: watu 1,000 chukua 278, watu 10,000 chukua 370. Jedwali halina kosa. Lilitengenezwa kwa ajili ya kukadiria asilimia katika kundi, kwa sharti kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Ukichukua hao 370 wote kutoka shule mbili zilizo kando ya barabara ya lami, sharti limevunjika, na kuandika 370 kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, hakulirudishi. Kwa mahojiano ya kina ndiyo halihusiki kabisa, ingawa kila mwaka naliona huko pia.

Hasara yake inakokotoleka. Wanafunzi wa darasa moja hufanana, na kufanana huko kuna kipimo kati ya 0 na 1. Tuseme ni 0.2, na umechukua madarasa 10 yenye wanafunzi 40 kila moja. Toa 1 kwenye 40, zidisha 39 kwa 0.2, ongeza 1: unapata 8.8. Gawa wanafunzi wako 400 kwa 8.8. Wanabaki kama 45. Umechapisha madodoso 400, umelipa nauli, umeshinda juani, na taarifa uliyoibeba ni ya watu 45 waliochaguliwa mmoja mmoja. Kwa hiyo shule 20 zenye wanafunzi 20 kila moja zinakufaa kuliko shule 2 zenye 200, hata kama idadi ya madodoso ni ileile.

Wenzetu wa unasihi, msidhani mmepona. Mnasihi mmoja akiendesha vikao vya kundi la majaribio, huwezi kujua kilichosaidia ni mbinu au ni yeye, upole wake na namna anavyosikiliza. Na wanaokaa kikao kimoja huathiriana. Mmoja akilia, kikao cha wote kimebadilika. Tafuta wanasihi kadhaa na vikundi kadhaa. Nje kidogo ya mada: ukitumia PHQ-9, dodoso fupi la maswali tisa, kupima sonona, swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Usiligawe dodoso hilo kabla hujapanga nani atamwona siku hiyohiyo mwanafunzi aliyeonyesha kuwa anayo mawazo hayo, hata kwa siku chache. Ruhusa ya mkuu wa shule haitoshi kwa hilo.

Dawa ya kosa hili la kuhesabu hupatikana kabla ya kwenda uwandani. Ronald Fisher, aliyejifunzia mambo haya kwenye mashamba ya majaribio ya Rothamsted, alisema mwaka 1938 kwamba kumwita mtakwimu jaribio likiisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti tu, labda atasema limekufa kwa nini. Jiulize: kile ninachokijaribu nakigawa kwa nani? Kikigawiwa darasa, hesabu madarasa. Ukiweza, gawa mikondo ya shule ileile kwa kura, A huku na B kule, ili maabara na mkuu wa shule wawe wamoja; ila shule ya bweni madaftari huhama vitanda usiku, kwa hiyo pima na hilo. Modeli za ngazi, zinazozingatia kwamba wanafunzi wamo ndani ya madarasa na madarasa ndani ya shule, mnazofundishwa kwenye programu ya takwimu ya R ni nzuri, lakini haziokoi utafiti wa shule mbili.

Na kama fedha ni ya shule mbili tu? Badilisha swali. Acha kuuliza kama mbinu inapandisha ufaulu, uliza walimu wa shule hizo wanaitumiaje na inakwamia wapi. Ni utafiti halali kabisa. Mtahini wa nje atataka kujua mlizichaguaje shule hizo, na "zilifikika kwa daladala" ni jibu linalokubalika, mradi umeliandika mwenyewe sura ya tatu.