Moto haukuwepo, sasa ndege ilianguka vipi? Jibu langu kuhusu ajali za mazoezini

Mkuu mwenye uzi umeuliza mawili: ndege ya kuzimia moto inaangukaje mazoezini, hakuna moto, moshi wala upepo, na je, umzuie mdogo wako aliyepata nafasi ya kozi ya kurusha ndege hizo? Nimerusha ndege hizi misimu kadhaa, na nimemzika mwenzangu aliyefia mazoezini. Wale walioandika "uzembe wa rubani" kabla mabaki hayajapoa, nawaomba wasome mpaka mwisho.

Mara nyingi kinachotuua si moto. Ni kuruka chini, ukiwa na mzigo mzito, katikati ya milima, na hayo yote yapo mazoezini vilevile. Maji humwagwa kutoka kimo cha mita 30 hadi 45 hivi juu ya miti. Mabawa yakiacha kubeba ndege ukiwa hapo, hakuna nafasi ya kuinyanyua tena.

Chukulia kuchota maji. Ndege aina ya Canadair CL-415 inagusa ziwa kwa kasi ya karibu kilomita 130 kwa saa na kumeza zaidi ya lita 6,000 ndani ya sekunde 12. Umeongezewa tani sita, na bado unatafuta kupaa kabla ufukwe wa mbele haujakufikia. Na siku ya kuogopwa ni hiyo mnayoiita nzuri, ziwa limetulia kama kioo. Uso wa maji hauonekani. Unachoona ni mawingu yaliyomo ndani yake, na hujui umebakiza mita kumi au moja. Tulifundishwa kushukia karibu na ukingo, jicho likiwa kwenye mawe na majani ya nchi kavu, kwa mteremko mdogo usiobadilika, mpaka ndege iguse maji yenyewe.

Zile ndege ndogo za Air Tractor zenye maboya zina mtego mwingine: magurudumu yamo ndani ya maboya. Ukitua majini yakiwa yametoka, ndege inabinuka kifudifudi. Ndiyo maana utamsikia rubani yuko peke yake na bado anasema kwa sauti, kila mara, "hapa ni maji, magurudumu yako juu." Nyingi ya ndege hizo zina kiti kimoja tu. Mwanafunzi anapobeba tanki kamili kwa mara ya kwanza, mkufunzi wake ni sauti ya redioni.

Halafu ipo kona, na hapa ndipo nilipompoteza mwenzangu. Ukilaza ndege digrii 60 bila kushuka, mabawa yanabeba uzito maradufu, na kasi ya chini kabisa inayoweza kukushikilia hewani inapanda kwa zaidi ya asilimia 40. Yeye aliingia bonde linalofungwa mbele, tanki limejaa, akakata kona kurudi. Wachunguzi walikuta mpini wa kumwaga maji haujavutwa. Angeuvuta, mzigo wote ungetoka kwa sekunde chache. Lakini akili ya mtu aliyetumwa kuleta maji inang'ang'ania maji, na mkono hauendi kwenye mpini mpaka umezoezwa kwenda bila kufikiri. Alikuwa rubani makini kuliko wengi wetu, na sikubali aitwe mzembe na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti kile.

Wala haya hayawapati wanagenzi tu. Aprili 2005, karibu na Chico, California, ndege kubwa aina ya P-3 Orion iligonga mlima ikiwa kwenye mazoezi ya kumwaga maji, na wote watatu waliokuwemo wakafa. Wakati mwingine mkono wa rubani hauhusiki kabisa: Juni 2002, huko Walker, California, ndege aina ya C-130A ilikatika mabawa ikimwaga dawa ya kuzuia moto kwenye moto halisi, wakafa watatu. Chanzo kilikuwa nyufa za uchovu wa chuma, yaani chuma kilichochoka kwa kubeba mzigo mara nyingi. Kwa hiyo subirini ripoti ya wachunguzi, hata ikichukua mwaka.

Kuhusu mdogo wako, usimzuie kabla hujauliza. Wanaanza na tanki tupu, kisha robo, kisha nusu, au wanamjazia siku ya kwanza? Kumwaga mzigo kwa dharura kunafanywa kila safari, au kumeandikwa tu kwenye kitabu? Mabonde ya mazoezi yamekaguliwa kwanza kutoka juu, na njia ya kutokea ikaamuliwa kabla ya kuingia? Mwanafunzi akisema leo sirushi, anaulizwa sababu kwa heshima au anachekwa? Mabawa yamesharuka jumla ya saa ngapi, na yalipimwa nyufa lini? Muulize fundi hilo la mwisho, si meneja. Wakikujibu bila kuzungukazunguka, mwache aende. Wakikasirikia maswali, mtafutie kituo kingine.