Maswali na Majibu: Kigeu ninakiona, cron haikioni

SWALI: Ndugu Mhariri, natunza hesabu za mizani ya kahawa katika chama chetu cha ushirika hapa Moshi. Programu yangu ya Python husoma nywila ya kanzidata kutoka kigeu cha mazingira (thamani yenye jina ambayo mfumo huipa programu) DB_NYWILA, nilichokiweka kwa `export` ndani ya .bashrc, faili la mipangilio ya Bash. Nikiiendesha mwenyewe inakwenda. Nikiikabidhi kwa cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, saa 18:00, inasema kigeu hakipo. Tena inaanza saa 3 usiku badala ya saa 12 jioni! Seva ni ya kukodi, ina Ubuntu na saa ya UTC (saa ya kimataifa).
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Vigeu vya mazingira hurithiwa. Programu ikiizaa nyingine huipa nakala ya vigeu vyake, na `export` ndiyo inayokiingiza kigeu kwenye urithi huo. Unapoandika amri mwenyewe, mzazi ni Bash, sheli (programu inayopokea amri zako) iliyokwisha kusoma .bashrc. Kazi iliyopangwa mzazi wake ni cron, ambayo hailisomi faili hilo kabisa: huanzisha sheli ya /bin/sh ikiwa na vigeu vichache tu, pamoja na PATH (orodha ya folda za kutafutia programu) fupi ya `/usr/bin:/bin`.

Usijaribu kuiita .bashrc ndani ya skripti. Kwenye Ubuntu, mistari yake ya mwanzo huamuru kurudi mara moja iwapo sheli haizungumzi na mtu, kwa hiyo `export` yako ya chini haifikiwi.

Weka nywila kwenye faili la peke yake, hesabu.env:

`DB_NYWILA='nywila-yako'`
`TZ=Africa/Dar_es_Salaam`

Pasiwe na nafasi kando ya alama ya =. Alama za nukuu moja (' ') ni muhimu, maana bila hizo alama ya $ iliyomo kwenye nywila itageuzwa. Lifunge kwa `chmod 600 hesabu.env`, kisha andika tuma.sh:

`#!/bin/sh`
`set -a`
`. /home/ushirika/hesabu.env`
`set +a`
`exec /usr/bin/python3 /home/ushirika/hesabu.py`

`set -a` hufanya kila kigeu kinachofuata kirithiwe. Kabla ya kuirudishia cron kazi, jaribu katika mazingira makavu kama yake:

`env -i HOME=/home/ushirika PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh /home/ushirika/tuma.sh`

Kigeu kikionekana lakini kanzidata ikaikataa nywila, huenda faili liliandikwa kwenye Windows. Endesha `cat -A hesabu.env`, ukiona ^M mwishoni mwa mstari, herufi hiyo imejibandika kwenye nywila. Iondoe kwa `sed -i 's/\r$//' hesabu.env`.

Kuhusu saa: 18:00 ya UTC ni 21:00 kwetu, ndiyo saa 3 usiku. Kwenye ratiba ya cron andika `0 15 * * *`, yaani dakika 0 ya saa 15 UTC kila siku, ambayo kwetu ni saa 12 jioni. Tanzania haibadilishi saa kwa majira, hivyo tofauti ya saa 3 haiyumbi mwaka mzima. TZ iliyo kwenye faili hurekebisha tarehe zinazochapwa na programu, haiisogezi ratiba ya cron.

SWALI: Nimeweka kigeu kwa `setx`, amri ya kuhifadhi vigeu, kwenye Windows, lakini `echo %KIGEU%` inanirudishia maneno hayohayo. Kwa nini?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Dirisha lililo wazi lilishapewa nakala yake, na `setx` hailigusi. Fungua dirisha jipya, au tumia `set KIGEU=thamani` kwa hilo moja. Ila usiongeze PATH kwa `setx`: hukata kila kinachozidi herufi 1024, na programu zilizokuwa mwishoni hazitapatikana tena.